Soko la ulinzi Norway: nani ananunua na muuzaji wa nje anaingiaje

Norway imo katika mpango mkubwa wa kupanua jeshi lake. Juni 2024 Bunge la nchi hiyo, Storting, liliidhinisha mpango wa ulinzi wa hadi mwaka 2036 wenye jumla ya zaidi ya kroner bilioni 1,600. Jeshi la nchi kavu litatoka brigedi moja hadi tatu, na jeshi la majini litapata manowari na nyambizi mpya. Sehemu kubwa ya vifaa hivi hutoka nje: ndege za F-35 zimetoka Marekani, nyambizi zinajengwa Ujerumani, na Agosti 2025 Norway ilichagua manowari za Type 26 za Uingereza.

Wanunuzi

Wanunuzi wakuu ni watatu. Forsvarsmateriell (FMA), iliyoanzishwa Januari 2016, hununua ndege, meli, magari, silaha na mifumo ya mawasiliano. Forsvarsbygg hushughulikia kambi, majengo na ujenzi. Ugavi na usafirishaji wa jeshi uko chini ya FLO.

Zabuni zinatangazwa wapi

Zabuni za serikali hutangazwa katika tovuti ya Doffin, na zile kubwa hutangazwa pia katika TED ya Umoja wa Ulaya. Kusoma ni bure, lakini matangazo mengi ya Doffin yako kwa Kinorwe. Ununuzi wa silaha na wa mambo ya siri unaweza usitangazwe kabisa, kwani kifungu cha 123 cha Mkataba wa Eneo la Uchumi la Ulaya (EEA) kinairuhusu nchi kulinda usalama wake.

Nani ana haki ya kushindana

Hapa ndipo wengi hupoteza muda na fedha. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika EEA. Sheria yake ya manunuzi inatoa haki kwa kampuni za EEA na za nchi zenye mkataba nayo, hasa Mkataba wa Manunuzi ya Serikali wa WTO. Hakuna nchi ya Afrika iliyojiunga na mkataba huo. Kwa hiyo kampuni ya Mombasa, Dar es Salaam au Kampala inaweza kuwa na bei nzuri na bado ikakataliwa bila kuwa na msingi wa kulalamika. Uliza hilo kwa maandishi kabla ya kugharamia tafsiri na dhamana ya zabuni.

Njia iliyo wazi zaidi

Mlango unaofaa kwa kampuni ndogo ya nje ni ukandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkuu. Wakandarasi wakubwa wa Norway ni Kongsberg (makombora na mifumo ya ulinzi wa anga) na Nammo (risasi na makombora ya mizinga). Wao hununua vipuri na huduma kwa taratibu zao za kibiashara.

Fahamu pia sharti la ushirikiano wa viwanda. Muuzaji wa nje anayepata mkataba wa ulinzi unaozidi kroner milioni 50 kwa kawaida hutakiwa kuzipa kampuni za Norway kazi au soko. Sharti hili huwapa kazi Wanorwe, si watu wa nchi ya tatu, hivyo usilihesabu kama fursa yako.

Kwa wasafirishaji

Mazoezi ya NATO huhitaji meli, malori, bandari na maghala. Trident Juncture ya mwaka 2018 nchini Norway ilikusanya askari wapatao 50,000 na magari yapatayo 10,000. Kazi za namna hii hupitia kampuni za kiraia zenye mikataba na jeshi, kama WilNor Governmental Services. Wakala wa mizigo huanza kwa kujiandikisha kwa kampuni hizo.

Kabla ya kutoa bei

- Hakikisha nchi yako ina haki ya kushiriki.
- Kazi za siri huhitaji kampuni ipewe kibali cha usalama, na kibali huchukua muda.
- Bidhaa za kijeshi huhitaji leseni ya kusafirisha nje na hati ya mtumiaji wa mwisho.
- Idara za serikali hupokea ankara za kielektroniki.
- Weka bei kwa kroner na uhesabu hatari ya kubadilika kwa sarafu.