Kufunga kitovu cha usukani katika gari la kujiundia

USUKANI unapong’oka mikononi mwa dereva gari likiwa katika mwendo, hakuna ustadi wowote wa uendeshaji unaoweza kumwokoa. Ndiyo sababu, miongoni mwa kazi zote zinazomkabili mtu anayejiundia gari nyumbani, kufunga kitovu cha usukani ni kazi ndogo isiyostahili pupa. Kitovu ni kipande cha chuma au aluminiamu kinachouunganisha usukani na mhimili wake.

Uundaji wa magari ya aina hii umekita mizizi nchini Uingereza. Gari la Lotus Seven, lililobuniwa na Colin Chapman na kuzinduliwa mnamo 1957, lilinunuliwa na wengi likiwa vipande, kwa kuwa vipande havikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari kamili. Kodi hiyo ilifutwa 1973 wakati VAT ilipoanzishwa. Mwaka uo huo, kampuni ya Caterham ilitwaa haki za kuliunda gari hilo.

Mhimili wa usukani mara nyingi hutolewa katika gari kuukuu, kwa mfano Ford Sierra au Mazda MX-5. Ncha yake ina meno madogo yanayoshikana na meno ya ndani ya kitovu. Idadi ya meno hayo na kipenyo cha mhimili hutofautiana kutoka gari moja hadi jingine, hivyo kitovu sharti kiagizwe kwa kuzingatia aina na mwaka wa gari lililotoa mhimili.

Upande wa pili wa kitovu hupokea usukani kwa bolti, aghalabu 6. Matundu ya usukani wa Momo au Sparco kwa kawaida yamo katika duara la kipenyo cha milimita 70, ilhali ya Nardi yamo katika milimita 74. Tofauti ni ndogo machoni, lakini bolti hazitaingia.

Iwapo usukani wa zamani una mfuko wa hewa, waya hasi ya betri hukatizwa kwanza, kisha fundi husubiri muda uliowekwa na mtengenezaji kabla ya kugusa chochote. Mfuko huo hufumuka kwa baruti, na haupaswi kamwe kuchunguzwa kwa mita ya umeme.

Kabla ya kufunga kitovu, magurudumu ya mbele huelekezwa mbele sawasawa. Mhimili huzungushwa hadi mwisho wa upande mmoja, mizunguko ikahesabiwa hadi mwisho wa upande wa pili, kisha ukarudishwa nusu ya hesabu hiyo. Kitovu huingizwa hapo kwa mkono. Kikigoma, huenda si cha mhimili huo, na nyundo si dawa.

Kuna sababu nzito ya kuikataa nyundo. Zamani mhimili ulikuwa fimbo moja ngumu, na katika ajali za ana kwa ana uliweza kumchoma dereva kifuani. Kampuni ya General Motors ilianza kuyawekea magari yake ya 1967 mhimili unaobonyea unapogongwa. Katika mihimili mingi ya aina hiyo, sehemu zake hushikiliwa na vipini vya plastiki, ambavyo pigo la nyundo linaweza kuvikata bila fundi kujua.

Kosa la jino moja huonekana barabarani. Katika mhimili wenye meno 36, jino moja ni sawa na digrii 10, na usukani utakaa upande gari likienda moja kwa moja. Aidha, kijino cha kuzima indiketa sharti kiingie mahali pake, la sivyo swichi itavunjika au taa zitaendelea kumweka baada ya kona.

Nati ya katikati inafaa iwe mpya, na hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kipimo cha mtengenezaji wa mhimili. Mtu mwingine aushikilie usukani wakati huo. Kuutegemea ufuli wa usukani kuzuia mzunguko kunaweza kuuharibu. Bolti za usukani nazo hukazwa kwa zamu, moja na inayoikabili, ili usukani ukae sawa. Waya ya honi huachiwa nafasi ya kutosha isivutwe usukani unapozungushwa hadi mwisho.

Baadhi ya waundaji hupendelea kitovu cha kuchomoa haraka, kinachorahisisha kuingia katika gari jembamba. Chenyewe hudai nidhamu: dereva auvute usukani kila mara kuhakikisha umenasa, kabla ya kuliondoa gari.

Nchini Uingereza, gari la aina hii hupitia ukaguzi wa IVA, uliochukua nafasi ya SVA mnamo 2009. Wakaguzi huchunguza kona kali za usukani ambazo dereva anaweza kugonga. Kingo hizo sharti ziwe na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5.

Hata baada ya kufaulu, kazi haijaisha. Baada ya safari za kwanza, usukani huvutwa, husukumwa na kutikiswa kando, kisha nati na bolti hupimwa upya. Mchezo wowote unaosikika mikononi, hata mdogo kiasi gani, ni amri ya kuliegesha gari.