Faili la siri halijafungwa

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ofisa ununuzi katika taasisi moja ya umma, alinijia ofisini na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya barua yake kwa mkuu wake, akikataa kusaini hati ya kupokea vifaa ambavyo havikuwa vimefika. Ya pili ni tathmini yake ya mwaka. Miaka 4 mfululizo alikuwa amesifiwa. Safari hii ameandikwa kuwa hana ushirikiano, na alama zake zimeporomoka. Kati ya karatasi hizo mna wiki 7 tu. "Mwalimu, nikashitaki wapi?" akaniuliza.

Swali lake ni la kale. Serikali ya kikoloni ilimpima mtumishi kwa taarifa ya siri: mkuu aliandika, akafunga bahasha, na aliyeandikwa hakuisoma. Uhuru ulibadilisha waandikaji, faili likabaki. Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964 iliwapa wafanyakazi bodi za usuluhishi, lakini ikazizuia mahakama za kawaida kusikiliza mashauri ya kufukuzwa kazi papo hapo. Neno la mwisho likawa la Waziri.

Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa 1971, ulipokemea katika ibara ya 15 viongozi wenye kiburi na dharau, ulisomwa viwandani kana kwamba ni sheria. Wafanyakazi waliwafungia nje mameneja. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walishika uendeshaji wenyewe hadi dola ilipoingilia. Wanafunzi hupenda kulisimulia tukio hili kama ngano ya ushujaa. Mimi huliona pia kuwa ushahidi wa njia za kisheria zilizokuwa zimezibwa.

Mwaka 2004 yalikuja mageuzi mawili. Serikali iliingiza OPRAS, mfumo wa wazi, ambamo mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo, na fomu ikawa na nafasi ya maoni ya mtumishi pamoja na ya shahidi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kifungu cha 37 kinakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametoa taarifa anayostahili kuitoa, au amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki kisheria ya kumtaka alifanye. Kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kuwa uachishaji ulikuwa wa haki. Kanuni za 2007 zikaongeza kwamba anayetuhumiwa utendaji duni lazima awe alikijua kiwango alichotakiwa kukifikia, na apewe fursa ya kujirekebisha.

Hata hivyo, ulinzi huo wote huamka mtu anapofukuzwa. Alama mbaya si kufukuzwa. Ni jiwe la kwanza la ukuta ambao utakamilika baada ya miaka miwili au mitatu, na siku hiyo kila jiwe litaonekana halali. Bahasha imefunguliwa, lakini mkono unaoandika ni uleule.

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa shauri la kuachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine. Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya 2016, hana budi kumaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Baada ya hapo hubaki Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, ambayo kibali chake huombwa ndani ya miezi 6. Ipo pia Sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa, ambayo watumishi wachache niliozungumza nao wamewahi kuifungua.

Nilimshauri asisubiri kufukuzwa. Aandike pingamizi lake sasa, kwa lugha ya upole, ataje tarehe zote mbili, aambatishe tathmini za miaka 4 iliyopita, na adai muhuri wa masjala kwenye nakala yake. Alitabasamu kidogo. Mtunza masjala, akasema, ni shemeji wa mkuu wake.

Tukakubaliana atume kwa rejista, kupitia posta.