Injini Kuukuu Zinapofufuliwa

Mwaka wa 1926, kiwanda cha R. A. Lister mjini Dursley, Uingereza, kilianza kuunda injini ndogo ya petroli, aina ya D. Haikukusudiwa kuendesha gari. Ilifungwa mahali pamoja, ikavuta maji na kuzungusha mashine za wakulima. Umeme ulipofika mashambani, nyingi zilitupwa zikaliwa na kutu.

Leo wapenda ufundi huziokota na kuzifungua katika karakana za nyumbani. Huilowesha mafuta pistoni iliyokwama, hubadilisha ringi, husafisha kabureta, hata cheche irudi. Twaona kwamba waokoacho si chuma tu, bali ujuzi wa mikono ambao kitabu pekee hakiurithishi. Nasi walimu tujiulize: majina ya zana za wahunzi wetu, nani ayatamkaye darasani?