Chuo Kikuu na Walimu Wake

Wana wetu wa Iramba, Singida na Manyoni waliosoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam si wachache. Basi yafaa sisi wazazi na walimu wa vijijini tujue jinsi nyumba hiyo ya elimu ilivyoongozwa katika siku za mageuzi, maana lina fundisho kwa kila mwenye kuongoza watu.

Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, nacho kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, katika nyumba ya chama cha TANU. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, mtu wa Kanada. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1965 Wilbert Chagula akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaka Chuo kilee watumishi wa taifa, wala si mabwana wa kuwadharau wakulima. Shauri hilo lilikuwa jema, kwani fedha za kuwasomesha vijana wale zilitoka katika jasho la wakulima. Lakini njia iliyofuatwa ilikuwa ya amri. Mwaka 1970 Chuo kilipokuwa Chuo Kikuu kamili, Pius Msekwa, aliyekuwa katibu mtendaji wa TANU, aliwekwa kuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliulaumu uongozi kwa maandishi. Akafukuzwa, na polisi wakamwondoa. Wanafunzi wakagoma.

Sisi tukaao katika tembe twajua kwamba nguzo iliyoliwa na mchwa haing'olewi ghafula. Huwekwa egemeo kwanza, kisha nguzo hubadilishwa, maana dari ya udongo ni nzito. Na maegemeo ya chuo ni walimu wake.

Hata mwaka 1990 serikali ilikifunga Chuo kwa sababu ya ugomvi na wanafunzi. Mwaka huohuo walimu wa vyuo vya juu walitoa Azimio la Dar es Salaam, wakidai uhuru wa taaluma. Mwaka 1991 Matthew Luhanga, mhandisi na mwalimu wa Chuo hichohicho, akawekwa kuwa Makamu wa Mkuu. Alikuta majengo yamechakaa, vitabu ni haba, na mishahara ni midogo.

Ndipo Chuo kilipojipima chenyewe, nguvu zake na udhaifu wake, na mwaka 1994 mpango wa mageuzi ukaandikwa. Tena kila mwaka uliitishwa mkutano wa mashauri, walimu, wanafunzi, serikali na wafadhili wakiulizana: lipi limetimizwa, na lipi limekwama?

Mageuzi hayo hayakukosa uchungu. Wanafunzi wa kujilipia walipokelewa, madarasa yakajaa, na baadhi ya walimu walisema elimu inageuzwa bidhaa. Walakini malalamiko hayo yalisemwa waziwazi, na kazi ikaendelea. Luhanga aliongoza hata mwaka 2006.

Twaona basi kwamba shauri jema peke yake halitoshi. Mkuu wa shule atakaye kubadili jambo na awaulize kwanza wale watakaolitenda. Nao walioulizwa wasinyamaze barazani, kisha wakanung'unike njiani.