Kupunguza uzito wa gari la mashindano

Kupunguza uzito wa gari la mashindano ni kazi ya kuondoa sehemu za gari, au kuzibadilisha kwa sehemu nyepesi, ili likimbie haraka zaidi bila kuongezewa nguvu ya injini. Ugumu wa kazi hii ni kujua sehemu ipi ipunguzwe bila kuhatarisha maisha ya dereva.

Sababu za kifizikia

Kwa mujibu wa kanuni ya pili ya Newton, mchapuko hupatikana kwa kugawanya kani kwa tungamo, yaani kile ambacho watu wengi hukiita uzito. Gari la kilogramu 1,000 likipunguzwa kilogramu 100, kani ileile hulipa mchapuko mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 11. Likifunga breki, nishati inayogeuzwa kuwa joto hupungua kwa asilimia 10. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka faida ni ndogo, kwa kuwa katika mwendo mkubwa kizuizi kikuu ni hewa.

Kilo hazilingani thamani. Iliyo kwenye paa huinua kitovu cha uzito, na gari huinama zaidi kwenye kona. Iliyo kwenye gurudumu ni mbaya zaidi: haibebwi na springi, hivyo gurudumu hurukaruka kwenye mashimo na tairi kukosa mshiko.

Mbinu

Gari la kawaida huanza kwa kutolewa viti vya nyuma, mazulia, redio, kiyoyozi na tairi la akiba. Baadaye boneti na milango ya bati hubadilishwa kwa alumini au nyuzi za kaboni, na vioo vya pembeni kwa plastiki ngumu. Sehemu ya uzito uliookolewa hurudishwa kwa kufunga kizimba cha vyuma kinachomlinda dereva gari likipinduka. Anayekiacha ili aokoe kilo hizo amekosea hesabu.

Mfano wa Lotus

Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, ndiye anayetajwa zaidi katika jambo hili. Gari lake la Lotus 25 la mwaka 1962 halikuwa na fremu ya mabomba. Bodi yenyewe ya alumini ilibeba mzigo wote. Lilikuwa jepesi na pia imara zaidi kuliko yaliyotangulia, na mwaka 1963 Jim Clark alishinda nalo mashindano 7 kati ya 10 ya Formula 1 na kuwa bingwa.

Magari ya Lotus yalijulikana pia kwa kuvunjika. Baada ya ajali ya Barcelona mwaka 1969, dereva Jochen Rindt alimwandikia Chapman kuwa magari yake yangebaki na kasi ya kutosha hata sehemu dhaifu zikiongezewa uzito kidogo. Mwaka uliofuata aliendesha Lotus 72, ambayo breki zake za mbele zilihamishwa kutoka kwenye magurudumu hadi ndani ya bodi ili kuyapunguzia magurudumu uzito, zikiunganishwa nayo kwa mihimili. Tarehe 5 Septemba 1970 huko Monza, Italia, mhimili mmoja ulivunjika na Rindt akafariki. Alitangazwa bingwa wa dunia akiwa ameshakufa.

Mwaka 1981 McLaren ilileta MP4/1, gari la kwanza la Formula 1 lenye bodi ya nyuzi za kaboni. Wengi waliogopa kuwa lingepasuka kama kioo. Mwaka huohuo, tena Monza, gari la John Watson lilikatika vipande viwili, naye akatoka mzima.

Kanuni

Ili timu zisishindane kwa wepesi wa hatari, Formula 1 huweka uzito wa chini. Mwaka 2025 ulikuwa kilogramu 800 pamoja na dereva, bila mafuta. Zamani madereva warefu walijinyima chakula ili kuisaidia timu. Kuanzia 2019 hadi 2024 dereva na kiti chake walihesabiwa kuwa angalau kilogramu 80, na mwepesi aliongezewa vipande vya chuma kufikia kiwango hicho.

Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, timu zilifanya kinyume: ziliongeza vyuma mbele na mabati chini ya injini, kwa sababu ya mawe, mito na wanyama.