Kupimwa kwa Wachezaji wa San Francisco, 1954

Waswahili husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii hupendwa sana na watu ambao kazi yao ni kuwapima vijana: mwalimu anayepokea darasa jipya, fundi anayepokea mwanagenzi, na zaidi ya hao mfunzi wa mchezo, ambaye kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, hukaa na orodha ya majina mbele yake akajiuliza nani atafaa na nani hatafaa. Katika vyuo vya Marekani kuwapima wachezaji wa mpira wa kikapu kabla ya msimu ni desturi ya siku nyingi. Magazeti huandika, wanafunzi hubishana, wazee waliowahi kusoma chuoni hutoa maoni yao, na kila kijana hupewa thamani yake kabla hajarusha mpira hata mara moja. Shabaha ya insha hii ni kuitazama desturi hiyo kwa mfano mmoja wa historia, yaani timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco ilipoukabili msimu wa 1954-55, na kuuliza kama kweli nyota njema huonekana asubuhi, na kama huonekana, ni nani aionaye.

Chuo hicho ni cha mapadri Wajesuiti, nacho kilianzishwa mwaka 1855. Mwaka 1954 kilikuwa chuo kidogo, na timu yake haikuwa hata na ukumbi wake wa kuchezea. Wachezaji walifanya mazoezi katika ukumbi wa shule moja ya sekondari. Ukumbi wa chuo wenyewe haukufunguliwa mpaka mwaka 1958. Sifa hata hivyo haikukosekana kabisa. Mwaka 1949, chini ya mfunzi Pete Newell, timu ilishinda mashindano makubwa ya mwaliko yaliyofanyika New York. Lakini Newell aliondoka mwaka 1950, na nafasi yake ikashikwa na Phil Woolpert, ambaye katika miaka yake mitatu ya kwanza alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Msimu wa 1953-54 ulikuwa afadhali: timu ilishinda mara 14 ikashindwa mara 7. Mtu mwenye busara, akiyatazama hayo, angetabiri msimu wa kadiri, wala asingestahili lawama.

Sasa na tuwatazame wachezaji wenyewe, mmoja mmoja, kama alivyoweza kuwatazama mpimaji wa wakati ule, bila ya kuazima ujuzi wa siku zilizofuata.

Wa kwanza ni Bill Russell. Alizaliwa Louisiana mwaka 1934, akahamia Oakland pamoja na wazazi wake angali mtoto, na mama yake akafariki alipokuwa na umri wa miaka 12. Katika shule ya McClymonds hakuwa kijana wa kutajwa. Timu ya wadogo ilikuwa na jezi 15, naye alikuwa mchezaji wa 16, ikabidi yeye na mwenziwe wapokezane jezi moja. Alipomaliza shule, chuo kimoja tu kilimwita kwa msaada wa masomo, nacho ni San Francisco. Hata mwito huo ulikuja kwa bahati, maana Hal DeJulio, aliyewahi kukichezea chuo hicho, alikwenda uwanjani kumtazama kijana mwingine wa timu pinzani, akarudi na habari za Russell. Kufika 1954 Russell alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 9, na msimu uliotangulia alikuwa amefunga wastani wa karibu pointi 20 kwa kila mchezo. Hizo ni sifa. Lakini mpimaji angeandika na dosari: mtupo wake haukuwa laini, na katika ulinzi alikuwa na mazoea mabaya ya kuruka juu ili kuukinga mpira wa adui angani. Mafundisho ya siku hizo yalisema kwamba mlinzi mwema haiachi ardhi.

Wa pili ni K. C. Jones, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1932, aliyesoma San Francisco. Urefu wake ulikuwa futi 6 na inchi 1, na mtupo wake haukusifiwa na mtu. Tena msimu uliotangulia alicheza mchezo mmoja tu. Kidole tumbo chake kilipasuka, akafanyiwa upasuaji, akaukosa msimu wote uliobaki. Nani angeweka matumaini makubwa juu ya kijana atokaye hospitali?

Baada ya hao alikuwako Jerry Mullen, nahodha, mzoefu na mtulivu. Stan Buchanan, mfanya kazi asiyejitangaza. Na Hal Perry, kijana mfupi kutoka Ukiah, mji mdogo wa kaskazini mwa California. Hesabu ya mpimaji ingekwisha hivi: mrefu mmoja mwenye mazoea yasiyofaa, mgonjwa mmoja aliyepona, nahodha mwema, na wengine wa wastani.

Mwanzo wa msimu ulionekana kuithibitisha hesabu hiyo. Tarehe 11 Desemba 1954, katika mchezo wao wa tatu, San Francisco walishindwa na UCLA, timu ya mfunzi John Wooden, kwa pointi 47 kwa 40. Baada ya hapo hawakushindwa tena mpaka Desemba 1956. Walishinda michezo 26 iliyobaki ya msimu ule, wakashinda yote 29 ya msimu uliofuata, wakawa mabingwa wa vyuo vya nchi nzima mwaka 1955 na mwaka 1956. Waliobaki baada ya Russell na Jones kuondoka waliongeza ushindi wa michezo 5, mpaka Illinois ilipoukata mlolongo kwa pointi 62 kwa 33. Jumla ni michezo 60 mfululizo. Hakuna aliyeipita idadi hiyo mpaka mwaka 1973, nao waliopita ni UCLA ya Wooden yule yule.

Hatuna budi kuuliza kosa la wapimaji lilikuwa wapi. Ni rahisi kuwacheka, lakini kucheka si kazi ya historia. Watu hawa hawakuwa wajinga. Wengi wao waliujua mchezo vizuri. Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni hesabu yenyewe. Karani aliyekaa kando ya uwanja aliandika pointi zilizofungwa. Mpira uliokingwa angani haukuwa na safu yake katika daftari. Na kama huo haukuandikwa, basi uliandikwaje ule ambao adui hakuthubutu kuutupa kwa kuwa alimwona Russell amesimama mbele yake? Mizani hupima kwa vijiwe vilivyomo. Kitu kisicho na kijiwe chake huhesabiwa si kitu. Jones naye alikuwa wa namna hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu, na daftari halikuwa na nafasi ya jambo lisilotokea.

Sababu ya pili ni mafundisho. Amri ya kutoiacha ardhi ilitokana na ujuzi wa kweli, maana mlinzi wa kawaida akiruka hudanganywa, na adui humpita chini. Lakini ilikuwa amri iliyotungwa kwa walinzi wa kawaida. Woolpert mwenyewe hakuipenda desturi ya Russell hapo mwanzoni. Sifa yake ni kwamba alipoona na macho yake jinsi mambo yalivyokuwa, hakumlazimisha kijana ajifinyange afanane na kitabu. Kadhalika Russell na Jones, waliokaa chumba kimoja chuoni, walizoea kuzungumza juu ya mchezo kama watu wazungumzao juu ya hesabu za maumbo: mpira ukitupwa kutoka hapa utaangukia wapi, na mtu akizuiwa upande huu atalazimika kupita wapi. Kuruka kwa Russell hakukuwa pupa. Kulikuwa fikira.

Sababu ya tatu ni rangi, nayo si ya kupitwa kimya. Katika miaka ile vyuo vingi vya kusini mwa Marekani havikumpokea mchezaji mweusi hata mmoja, na vingi vya kaskazini viliweka mpaka usioandikwa, kwamba mmoja au wawili watosha. Woolpert aliwaanzisha wachezaji weusi watatu kwa pamoja, Russell, Jones na Perry, jambo ambalo lilikuwa geni kwa timu kubwa za vyuo. Desemba 1954 timu ilikwenda Oklahoma City kwa mashindano, na hoteli za mjini zikakataa kuwapokea wachezaji weusi. Timu nzima, weupe kwa weusi, ililala pamoja katika bweni tupu la chuo kimoja, kisha ikayashinda mashindano hayo. Sisemi kwamba rangi peke yake ndiyo iliyomfanya Russell aitwe na chuo kimoja tu. Tumekwisha kuona kwamba shuleni hakuvuma. Nasema kwamba mpimaji anayeanza kwa kupunguza idadi ya watu awezao kutazamwa hana haki ya kushangaa akipitwa na nyota.

Mtu aweza kupinga akasema: haya yote ni maneno, timu ilishinda kwa sababu ilikuwa na mtu mrefu. Pingamizi hili lina majibu mawili. Kwanza, urefu ule ule ulikuwako msimu wa 1953-54, na timu ilishindwa mara 7. Kilichoongezeka ni kurudi kwa Jones, na kule kuelewana kwa wawili hawa ambako hakuna mpimaji aliyeweza kukuona kwa kumtazama kila mmoja peke yake. Pili, katika mashindano ya ubingwa ya 1955 walikutana na Oregon State, iliyokuwa na Swede Halbrook, mtu wa futi 7 na inchi 3, aliyempita Russell kwa inchi sita. San Francisco walishinda kwa pointi 57 kwa 56. Kama kimo kingekuwa ndiyo hoja, wasingalifika mbele zaidi.

Mchezo wa mwisho, uliochezwa Kansas City Machi 1955, unaeleza zaidi. La Salle, mabingwa wa 1954, walikuwa na Tom Gola, mmoja wa wachezaji waliosifiwa kuliko wote nchini, naye alikuwa mrefu kuliko Jones kwa inchi tano. Watu walitazamia kwamba Russell atamlinda Gola. Woolpert akampa kazi hiyo Jones, akamwacha Russell karibu na kikapu. Gola alifunga pointi 16. Jones, yule ambaye mtupo wake haukusifiwa na mtu, alifunga 24, na Russell 23. San Francisco walishinda kwa pointi 77 kwa 63.

Ingedhaniwa kwamba baada ya hapo hukumu ingesahihishwa. Haikusahihishwa mara moja. Msimu ule ule, mchezaji bora wa ligi yao aliyechaguliwa alikuwa Ken Sears wa Santa Clara, mchezaji hodari kweli, lakini si bingwa wa nchi. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza na watu bado walikuwa wakiitafuta nyota. Waliomtambua Russell upesi zaidi ni watunga sheria. Kuanzia msimu wa 1955-56 eneo lililo mbele ya kikapu, ambalo mchezaji wa timu inayoshambulia haruhusiwi kukaa, lilipanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12, na watu wakaiita sheria hiyo kwa jina la Russell. Mara nyingi thamani ya mtu hujulikana kwa wanaomwogopa kabla haijajulikana kwa wanaompa alama.

Russell na Jones walikwenda pamoja Melbourne mwaka 1956 wakarudi na dhahabu ya Olimpiki. Baadaye wote wawili waliichezea Boston, ambako Russell alipata ubingwa mara 11 katika misimu 13. Aliacha kucheza mwaka 1969. Ligi ya wachezaji wa kulipwa ilianza kuandika rasmi mipira iliyokingwa katika msimu wa 1973-74, na vyuo katika msimu wa 1985-86. Jones alifariki mwaka 2020 na Russell mwaka 2022. Kwa hiyo kazi ile ambayo Russell aliifanya kuliko mtu yeyote wa zama zake haimo katika hesabu rasmi za ligi hizo. Kijiwe kiliwekwa katika mizani baada ya mzigo kwisha kupita.

Je, basi tuache kupima? Hatuwezi. Mfunzi sharti achague watano wa kuanza, mwalimu sharti atoe alama, na chuo sharti kiseme nani ataingia na nani atarudi nyumbani. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, lakini yawagusa wote wenye orodha za majina mikononi mwao, na sisi wa vyuoni tumo. Apimaye na ajiulize kwanza: katika daftari langu, ni jambo gani lisilo na safu? Asipojiuliza, atakuwa akipima daftari, si mtu. Na gharama ya kosa hilo hailipwi na mpimaji. Hulipwa na kijana wa 16 katika timu yenye jezi 15. Russell alipata mwenziwe wa kupokezana naye. Wangapi walirudishwa nyumbani hatujui, wala hatutajua.

Methali yetu haikusema uongo. Nyota njema huonekana asubuhi, ila na yule aliyeamka mapema, akatazama mbingu yote, si upande ule tu aliozoea kutazama.