Damu Inayotwaliwa na Damu Inayotolewa: Filamu ya Dracula na Historia ya Buhaya

Utangulizi

Mwezi Novemba 1992 kampuni ya Columbia Pictures ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Bram Stoker's Dracula, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola. Filamu hiyo iligharimu dola za Marekani zipatazo milioni 40, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 katika majumba ya sinema duniani, na ikatunukiwa tuzo tatu za Oscar. Huenda msomaji akauliza: mchungaji wa Bukoba au Muleba ahusikeje na hadithi ya kabaila wa Transylvania anyonyaye damu za watu usiku? Twajibu kwamba ahusika sana. Habari za watu wanaotwaa damu za wenzao hazikuletwa Buhaya na sinema. Zilisimuliwa huko kabla ya mikanda ya video kufika. Tena mhubiri ndiye anayeinua kikombe mbele ya watu na kuwaambia kwamba humo mna damu. Yampasa basi ajue wasikilizaji wake wamekwisha kusikia nini kuhusu damu.

Katika makala haya tutaitazama filamu hiyo kwanza, kisha tutaiweka kando ya historia ya damu katika Buhaya, na mwisho tutauliza Kanisa linafundishwa nini.

Riwaya na Filamu

Riwaya ya Dracula iliandikwa na Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, Ireland, ikachapishwa London mwaka 1897. Inasimulia juu ya mtu aliyekufa lakini hatulii kaburini, ambaye anaiacha ngome yake na kuingia Uingereza ili apate watu wapya wa kuwanyonya. Anayemng'ata humdhoofisha, na mng'atwa akifa hugeuka kuwa mnyonyaji naye.

Coppola aliongeza jambo ambalo Stoker hakuliandika. Filamu inaanza mwaka 1462. Dracula, shujaa Mkristo, anarudi kutoka vita dhidi ya Waturuki na kumkuta mkewe amejiua kwa sababu aliletewa habari ya uongo kwamba mumewe ameuawa. Kasisi anamwambia mjane huyo wa kiume kwamba roho ya marehemu imelaaniwa. Ndipo Dracula anamkana Mungu, anauchoma msalaba kwa upanga, na msalaba unapotoka damu anaikinga katika kikombe na kuinywa. Kwa hiyo uovu wote wa filamu unaanzia kandokando ya maiti, kwa neno gumu la mtumishi wa Kanisa. Wachungaji wanaoitwa kila juma kuzika wanaweza kulitafakari jambo hilo.

Lipo jambo la pili, nalo limo katika riwaya yenyewe. Msichana Lucy anaponyonywa na Dracula na kukaribia kufa, wanaume wanne kwa zamu wanatoa damu yao atiwe yeye. Siku zile elimu ya makundi ya damu haikuwapo. Karl Landsteiner aliyagundua mwaka 1901. Hata hivyo Stoker amewapanga pande mbili: mmoja anayetwaa damu kwa siri ili aishi yeye, na wengine wanaotoa yao kwa hiari ili mwingine aishi. Lakini Lucy anakufa, anageuka mnyonyaji, na mchumba wake mwenyewe anampigilia kigingi moyoni. Kisha anakatwa kichwa. Aliyekuwa mgonjwa wa kuhurumiwa amekuwa adui wa kuuawa. Tutalirudia jambo hilo.

Agano la Omukago

Wahaya wa zamani walikuwa na desturi iitwayo omukago, yaani udugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjwa karibu na kitovu. Buni mbili zilizotoka katika tunda moja la kahawa zilipakwa damu yao, na kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa ndugu. Mmoja akipatwa na njaa, deni au uadui, mwenzake alipaswa kumsaidia. Na iliaminika kwamba damu iliyomezwa ingemdhuru yule atakayevunja agano.

Askofu Josiah Kibira, aliyeiongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi tangu 1964 na ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliandika juu ya ukoo na omukago katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu. Aliona kwamba Mhaya aliyejua udugu wa damu alikuwa na njia ya kuelewa ushirika unaopita mipaka ya ukoo. Nao Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda na kuingia Buhaya, uliwafanya waamini wengi waitane ndugu kwa ajili ya damu ya Mwanakondoo. Katika urithi huu damu hutolewa na pande zote mbili, hadharani, nayo hufunga watu pamoja.

Mumiani na Wazimamoto

Pamoja na urithi huo ulikuja mwingine. Kwenye pwani ya Waswahili neno mumiani, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa nta, ambayo watu waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni jina hilo wakaitwa pia watu waliodhaniwa kuwakamata wapita njia na kuwanyonya damu. Mahali pengi Kenya na Tanganyika waliitwa wazimamoto, na katika Uganda jirani bazimamoto, kwa kuwa walidhaniwa kuwa ni askari wa zimamoto au watumishi wengine wa serikali. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba uvumi huo haufai kutupwa kama upuuzi. Ni ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala uliowatoza kodi, uliowachukua kwa kazi, na uliowachunguza miili bila kuwaeleza sababu.

Buhaya ilikuwa na sababu zake. Kahawa, ambayo zamani ilichemshwa na kutafunwa, ikatolewa kwa mgeni na kumezwa katika omukago, iligeuka kuwa zao la biashara. Bei yake ikapangwa mbali, na kanuni za kilimo chake zikaletwa na serikali hata kukazuka machafuko Bukoba mwaka 1937. Buni ile ile iliyowafunga watu ikawa kitu cha kupimwa kwa mizani.

Baada ya uhuru uvumi haukukoma. Brad Weiss, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi Kagera mwishoni mwa miaka ya 1980, alieleza masimulizi aliyoyasikia huko kuhusu watu wanaonyonya damu za wenzao kwa nguvu za umeme na kuiuza wapate utajiri. Tazama jinsi tulivyofika karibu na Dracula. Naye katika filamu ni tajiri, hununua majumba London, na uhai wake umejengwa juu ya udhaifu wa wengine. Swali ni lile lile: huyu ameneemeka kwa jasho lake, au kwa damu ya nani?

Miaka ya Janga

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa wakati huo, kana kwamba nao umevushwa mpaka pamoja na bidhaa. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba karibu asilimia 24 ya watu wazima katika mji wa Bukoba walikuwa na virusi, na katika Bukoba Vijijini na Muleba asilimia 10. Mahali pengi wazee walibaki na wajukuu na makaburi kati ya migomba.

Filamu ya Coppola ilitoka katika miaka hiyo hiyo. Ndani yake chembe za damu zinaonyeshwa kama zinavyoonekana katika hadubini, na Profesa Van Helsing anafundisha juu ya magonjwa ya damu na ya zinaa. Watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani waliona UKIMWI humo. Hapa ndipo tunapotofautiana na hadithi hiyo. Kanuni yake ni kwamba aliyeng'atwa atang'ata, kwa hiyo auawe kabla hajadhuru wengine. Kanuni hiyo ikihamishiwa kwa mgonjwa wa kweli, anatengewa sahani na kikombe, na mazishi yake yanageuzwa kuwa hukumu. Historia yenyewe imeikanusha. Mjini Bukoba kiwango kilishuka hadi asilimia 18 mwaka 1993 na asilimia 13 mwaka 1996, na tangu 2004 mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo umewawezesha wengi kuishi, kufanya kazi na kulea watoto wao.

Kikombe

Kanisa haliwezi kuikwepa lugha ya damu. Mwaka 1529 huko Marburg, Luther alikataa kuyafanya maneno ya Kristo kuhusu mwili na damu yake kuwa mfano tu, wala hakupatana na Zwingli. Wakristo wa kwanza walishitakiwa na wapagani kwamba wanaua watoto na kunywa damu, na Tertullian aliwatetea mnamo mwaka 197. Lakini Wakristo walipopata nguvu walisahau. Kuanzia karne ya 12, huko Norwich Uingereza na kwingineko, waliwasingizia Wayahudi jambo lilo hilo, na wengi wasio na hatia wakauawa. Uvumi wa damu waweza kutaja uchungu wa kweli na bado ukamnyoshea kidole asiyehusika.

Dracula wa Coppola ananywa kutoka kikombe alichokijaza kwa upanga. Kikombe cha Bwana kinajazwa na yeye mwenyewe, kwa hiari yake, naye huwapa hata wale watakaomkana usiku ule ule. Ndiyo maana Mhaya aliyejua omukago aweza kukipokea: ni damu iliyotolewa ili wageni wawe ndugu.

Hitimisho

Kutokana na historia hii twaona mambo matatu. Kwanza, mchungaji akisikia uvumi wa wanyonya damu, asicheke wala asiusambaze; aulize ni nani anayeonewa. Pili, asibariki msako wa wachawi wala wa wagonjwa, maana kigingi cha hadithi hupigiliwa moyoni mwa mtu halisi. Tatu, asidhani kwamba wanaotwaa miili ya wenzao wamo katika sinema tu. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto mwenye ualbino alitekwa wilayani Muleba, na mwezi Juni mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwa viungo. Wapo wanaoamini kwamba utajiri hupatikana kwa njia hiyo, na baadhi yao huketi katika ibada zetu.

Kwao na kwa wanaowaogopa, mahubiri juu ya Chakula cha Bwana hayana budi kusema waziwazi kwamba hakuna baraka inayopatikana kwa uhai wa mwingine uliotwaliwa. Na kwa kuwa watoto wenye ualbino wako katika vijiji vyetu, usharika unaokula mkate mmoja hauna budi kujua nyumba zao, na kuzilinda.